Mfugaji achague sahani kwanza, mota ifuate

BEI ya chakula cha mifugo inapopanda, jambo la kwanza linalomjia mfugaji mwenye akiba kidogo ni kutengeneza chakula chake mwenyewe. Pumba za mahindi zipo kwenye kila mashine ya kusaga. Mashudu ya alizeti yanapatikana Singida na Dodoma, dagaa wanatoka Mwanza na Kigoma. Kinachoonekana kupungua ni mashine tu. Basi fedha za chama cha kuweka na kukopa zinachukuliwa, mashine ya kukandamiza peleti inanunuliwa, na majirani wanaitwa kuiona ikitoa punje za kwanza.

Si ajabu kuikuta mashine hiyo hiyo, baada ya miezi michache, imefunikwa turubai kwenye kona ya stoo. Mota yake ni nzima, rangi yake bado inang'aa, na mkopo unaendelea kulipwa. Kilichoshindikana mara nyingi ni sahani ya chuma yenye matundu ambayo chakula hupitishwa, pamoja na vifaa vichache vinavyoambatana nayo.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza nguvu ya mota na bei ya mashine. Maswali hayo si mabaya, lakini yanakuja mapema mno. Mota huzungusha tu. Sahani ndiyo inayoamua peleti itakuwa na ukubwa gani, itakuwa ngumu kiasi gani, umeme utakaoliwa kwa kila kilo, na hatimaye mteja atakayenunua. Kwa maneno mengine, anayechagua sahani anachagua biashara yake, hata kama hajui kuwa anafanya hivyo.

Mashine inavyofanya kazi

Mashine ndogo zinazouzwa kwa wafugaji nyingi ni za sahani bapa. Sahani hulala ndani ya chumba cha mashine, na juu yake kuna rola mbili au zaidi. Chakula kilichosagwa na kuchanganywa hudondoka juu ya sahani, rola hukikandamiza na kukisukuma ndani ya matundu, nacho hutokea upande wa chini kikiwa kimeshikana. Kisu hukikata katika urefu unaotakiwa. Viwanda vikubwa hutumia sahani za mviringo kama pete, ambazo hustahimili kazi ya mchana na usiku, lakini bei yake na ya vipuri vyake haimfai mfugaji wa kawaida.

Ndani ya tundu ndimo kazi yote inamofanyika. Msuguano huleta joto, joto hulainisha wanga, na wanga ukipoa hushika punje isivunjike. Tundu likiwa fupi mno, chakula hupita upesi na kutoka kikiwa unga. Likiwa refu mno, chakula huungua, mota hulemewa na mwishowe matundu huziba. Siri ya sahani nzuri iko katikati ya hayo mawili.

Tundu moja, soko moja

Hakuna tundu linalofaa kwa kila mnyama. Kwa kawaida kuku wa nyama wanaokaribia kuuzwa na samaki waliokwisha kukua hupewa peleti za milimita 3 hadi 4. Sungura hufanya vizuri kwa milimita 4 hivi. Nguruwe hukubali milimita 4 hadi 5, na ng'ombe anaweza kula peleti nene za milimita 6, 8 au hata 10. Vifaranga wa kuku na wa samaki wanahitaji chembe ndogo zaidi, na njia nafuu ya kuzipata ni kuvunjavunja peleti kavu za milimita 3 kisha kuzichekecha. Sahani ya milimita 2 hutoa kilo chache kwa saa, huziba upesi na huchosha mota.

Hapa ndipo muuzaji wa mashine anapoleta maneno matamu ya "seti kamili" yenye sahani nne au tano. Mfugaji huona amepata bahati. Lakini fedha iliyolala kwenye sahani nne zisizotumika ni fedha iliyokosekana kwenye mahindi na soya. Aidha, kila anapobadilisha sahani hupoteza muda wa kufungua, kusafisha, kufunga na kurekebisha rola, na kilo za mwanzo zinazotoka hazifai kuuzwa.

Ushauri wa kiuchumi hapa ni rahisi. Mnunuzi aandike kwenye daftari ni nani atanunua chakula chake katika miezi sita ya kwanza. Ikiwa wateja wengi wanafuga kuku wa nyama na sungura, sahani moja ya milimita 4 inatosha kuanzia. Sahani ya pili inunuliwe pale soko lingine litakapokuwa limeonekana kwa oda, si kwa matumaini. Wapo pia wafugaji ambao hawahitaji mashine hii kabisa. Kuku wa mayai hula chakula cha unga na kutaga vizuri, hivyo mwenye kuku wa mayai pekee angefanya vyema zaidi kununua mashine nzuri ya kuchanganyia na mizani sahihi.

Unene na ugumu wa chuma

Baada ya upana wa tundu huja urefu wake. Mafundi hulinganisha urefu wa tundu na upana wake. Sahani yenye njia ya kukandamiza ya milimita 24 na tundu la milimita 4 ina uwiano wa 6 kwa 1. Uwiano ukiongezeka peleti huwa ngumu zaidi na umeme unaotumika huongezeka pia. Chakula chenye nafaka nyingi na mafuta kidogo hushikana kwa urahisi kuliko kile chenye pumba na majani makavu mengi. Chakula chenye mafuta mengi, kwa mfano kilichojaa mashudu yaliyokamuliwa kijijini, huteleza ndani ya tundu na huhitaji njia ndefu zaidi ili kishikane.

Mnunuzi awe makini na jambo moja. Baadhi ya sahani zimetanuliwa matundu kwa upande wa chini, hivyo unene wote wa sahani haufanyi kazi ya kukandamiza. Apime ile sehemu nyembamba tu ya tundu. Na anapoenda kununua asiende mikono mitupu. Abebe kilo 20 za mchanganyiko wake mwenyewe na kuomba zipitishwe mbele yake. Pumba laini za muuzaji hupita katika sahani yoyote.

Kuhusu chuma chenyewe, sahani ya chuma laini ni nafuu siku ya kununua na ghali siku zote zinazofuata. Matundu yake hutanuka na uso wake hulika chini ya rola. Sahani nzuri hutengenezwa kwa chuma kigumu kilichopashwa moto na kuzimishwa kwa utaratibu maalumu. Kipimo cha haraka ni tupa. Tupa ikikwaruza na kung'ata ukingo wa sahani, chuma ni laini. Ikiteleza bila kuacha alama ya maana, chuma ni kigumu. Muuzaji anayekataa sahani yake isiguswe na tupa amekwisha kutoa jibu. Zipo pia sahani zinazoweza kugeuzwa na kutumika pande zote mbili. Hizo zikipatikana kwa ugumu ule ule, ni nafuu zaidi kwa sababu ni kama mtu amenunua mbili.

Vifaa visivyokwepeka

Fedha ambayo ingeishia kwenye sahani za ziada ina kazi nyingine yenye faida. Cha kwanza ni sumaku kwenye mdomo wa kuingizia chakula. Msumari mmoja uliotoka kwenye gunia la mashudu unaweza kupasua rola au kung'oa kingo za matundu. Bei ya sumaku ni ndogo sana ikilinganishwa na hasara hiyo.

Cha pili ni chekeche sahihi kwenye mashine ya kusagia. Chembe zinazoingia kwenye tundu la milimita 4 zisizidi nusu ya upana huo. Hivyo chekeche la milimita 2 hivi linafaa. Mfugaji anayenunua mashine ya peleti na kuendelea kutumia mahindi yaliyobarazwa tu hutupa lawama kwa sahani wakati kosa liko kwenye usagaji.

Cha tatu ni rola za akiba pamoja na beringi zake. Rola na sahani huzoeana. Zinalika pamoja, na rola ya zamani yenye mabonde ikiwekwa juu ya sahani mpya huiharibu kwa muda mfupi. Anayenunua sahani mpya apange bei ya rola humo humo. Nafasi kati ya rola na sahani iwe kama unene wa karatasi. Zikigusana, chuma hulana na chuma; zikiachana sana, chakula hulala juu ya sahani bila kusukumwa.

Cha nne ni mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, na cha tano ni vichanja vya kupozea na kukaushia. Jambo hili la mwisho hupuuzwa mno. Chakula huongezwa maji kidogo ili kishikane, na peleti hutoka za moto na zenye unyevu. Zikifungwa kwenye mfuko papo hapo huota ukungu. Zinapaswa kupoa kwenye kivuli chenye hewa hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 12 hivi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyochafuliwa. Ukungu unaotoa sumu hiyo haubagui chakula cha binadamu na cha kuku, na peleti nzuri kwa macho inaweza kumaliza banda zima.

Mchanga ni adui wa faida

Kuna gharama ambayo haionekani kwenye risiti yoyote. Dagaa wanaoanikwa chini hubeba mchanga. Pumba za mpunga zilizochanganyika na maganda zina madini magumu yanayosugua chuma kama msasa. Chokaa isiyochekechwa nayo ina mawe. Vyote hivyo hupita ndani ya matundu siku baada ya siku.

Tuchukue mfano wa hesabu. Sahani ya shilingi 300,000 ikikandamiza tani 60 kabla ya kuchakaa, gharama yake ni shilingi 5 kwa kila kilo. Sahani hiyo hiyo ikilishwa dagaa wenye mchanga na kufa baada ya tani 20, gharama inakuwa shilingi 15 kwa kilo. Dagaa walioanikwa kwenye vichanja wanaweza kuwa na bei ya juu sokoni, lakini mnunuzi anapolinganisha bei aweke na shilingi hizo 10 katika kila kilo ya chakula anachotengeneza. Akumbuke pia kwamba mchanga aliounua kwa bei ya dagaa haumkuzi samaki wala kuku.

Sahani iliyochakaa nayo ina bei yake. Mota ya kilowati 7.5 inayofanya kazi kwa nguvu zake zote hula uniti 7.5 kwa saa. Mashine ikitoa kilo 100 kwa saa, na uniti moja ikiwa shilingi 350, umeme ni takriban shilingi 26 kwa kilo. Matundu yakilika na uzalishaji ukashuka hadi kilo 60 kwa saa, umeme unafika takriban shilingi 44. Kwa mzalishaji wa kilo 500 kwa siku, tofauti hiyo ni takriban shilingi 8,750 kila siku. Katika siku 25 za kazi inafika karibu shilingi 219,000. Yaani mtu anayeona uchungu kununua sahani mpya ya shilingi 300,000 anailipa bei hiyo kwa kampuni ya umeme katika muda usiofika miezi miwili, na bado hana sahani. Hapo hajahesabu kibarua ambaye sasa anafanya kazi ya saa tano kwa saa nane na zaidi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mashine ya peleti halihitaji elimu kubwa. Kila siku ziandikwe kilo zilizotoka, saa zilizotumika na uniti za umeme. Kilo kwa saa zikianza kushuka wiki baada ya wiki na mchanganyiko haujabadilika, sahani au rola zinaomba kubadilishwa. Asiyeandika hujua hivyo siku mashine inapogoma.

Matunzo nayo ni mtaji. Sahani mpya ilainishwe kwanza kwa kupitisha pumba zilizochanganywa na mafuta na mchanga laini kidogo, mara kadhaa, hadi matundu yang'ae. Mchanga huo ni wa kazi ya siku ya kwanza tu. Kila jioni kabla ya kuzima, zipitishwe pumba zenye mafuta ili matundu yalale na kitu laini. Chakula cha kawaida kikiachwa humo hukauka na kuwa kama saruji. Yakiziba, yazibuliwe kwa pini ndogo kuliko tundu, wala si kwa keekee ambayo hukwaruza kuta na kuharibu upana wake.

Ahadi ya chakula kinachoelea

Wafugaji wa sato na kambale ndio wanaodanganywa zaidi. Huambiwa kwamba mashine ya sahani bapa, ikifungwa sahani fulani, itatoa peleti zinazoelea juu ya maji. Sivyo. Ili peleti ielee ni lazima ivimbe na kubaki na hewa ndani, na hilo huhitaji mashine ya aina nyingine inayopika chakula kwa joto kali na shinikizo kubwa kisha kukiachia ghafla. Mashine ya sahani bapa hutoa peleti zinazozama. Hizo zina matumizi yake, hasa zikichanganywa na unga wa muhogo au wa ngano ili zisiyeyuke upesi majini, na mfugaji akilisha kidogo kidogo sehemu moja ya bwawa. Lakini anayeuza peleti zinazozama kwa jina la zinazoelea atawapoteza wateja baada ya mfuko wa kwanza.

Wapo watakaosema kwamba mfanyabiashara anayesaga kwa ajili ya wengine hawezi kuishi kwa sahani moja, kwa kuwa leo anakuja wa kuku na kesho wa ng'ombe. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mfanyabiashara huyo anaweza kupanga siku: siku nne za wiki kwa tundu moja na siku moja kwa lingine. Wateja wa mashine za kusaga wamezoea kupanga foleni. Hawatashindwa kuzoea ratiba. Sahani mbili zinazofanya kazi wiki nzima zina faida kuliko tano zinazopokezana kutu.

Wengine wana sehemu yao

Mzigo huu haupaswi kubebwa na mfugaji peke yake. Vyama vya akiba na mikopo pamoja na benki zimezoea kukopesha bei ya mashine kama ilivyo kwenye ankara, na kuacha vipuri vya mwaka wa kwanza nje. Huko ni kumkopesha mtu baiskeli isiyo na tairi. Mkopo wa mashine ya peleti ujumuishe sahani moja ya akiba, seti ya rola, sumaku na chekeche, hata kama itabidi mota iwe ndogo kidogo. Mashine ndogo inayofanya kazi hurejesha mkopo, kubwa iliyosimama hairejeshi.

Watengenezaji nao wana deni. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kuendeleza viwanda vidogo, pamoja na CAMARTEC na TEMDO za Arusha, zina mafundi na uzoefu wa zana za vijijini. Kazi yenye manufaa makubwa kwa gharama ndogo ingekuwa kukubaliana vipimo vichache vya sahani: kipenyo, tundu la katikati na nafasi za boliti. Pale kila karakana inapochonga kwa kipimo chake, mnunuzi hufungwa kwa fundi mmoja, na fundi huyo akihama mashine nzima huwa chuma chakavu. Vipimo vikilingana, sahani ya Mwanza itaingia kwenye mashine ya Mbeya, na ushindani utashusha bei.

Anayetaka kuuza chakula nje ya banda lake akumbuke pia kwamba biashara hiyo ina sheria yake, Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010. Afike kwa ofisa mifugo wa eneo lake mapema aelezwe taratibu, kabla hajachapisha mifuko.

Mfugaji anayekwenda dukani wiki ijayo basi abadilishe mpangilio wa maswali yake. Aanze na mteja na mnyama wake, kisha upana wa tundu, urefu wa njia, ugumu wa chuma, na mahali zitakapopatikana sahani na rola nyingine. Akiisha kujibiwa yote hayo ndipo aulize mota ni ya nguvu ngapi. Muuzaji mwenye mashine nzuri hatachoka kujibu, na asiyeweza kujibu aachwe na mashine yake.